Moshi Ndani ya Mtutu

Remigius wa kijiji cha Kansay hakuwahi kununua mbegu za ngwara, zile jamii ya maharage, bila kuzitafuna kwanza. Miaka mingi aliyotunza stoo ya silaha ya kampuni moja ya uwindaji kule Loliondo ilimfundisha kwamba kila kinachorudishwa hurudi na upungufu, na kwamba mrudishaji hakosi maelezo. Alipostaafu na kurejea shambani, tabia hiyo ilimfuata mpaka nyumbani. Mkewe, Germana, alizoea kusema kwamba hata mgeni akikohoa, mumewe humtafutia risasi kifuani.

Hata hivyo, mtu akitaka kujua thamani ya bunduki kuukuu, alielekezwa kwake. Ndivyo walivyofika asubuhi moja Wamaasai wawili: Naisenya, mjane wa Senteu, na Lekoko, mdogo wa marehemu. Naisenya alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa, zawadi kwa wenyeji wao. Lekoko alikuwa amebeba bunduki iliyoviringishwa ndani ya shuka, pamoja na leseni ya marehemu na barua ya mtendaji wa kijiji. Siku hiyo hiyo bunduki ilikuwa ikabidhiwe polisi Karatu, kama inavyotakiwa mwenye leseni anapofariki. Lakini wazee wa ukoo walitaka kwanza thamani yake ijulikane, kwa kuwa marehemu alikuwa ameiacha kwa Metui, mtoto wa kwanza wa Naisenya.

"Takwenya," Remigius alimsalimu mjane.

"Iko," aliitikia kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, mzee Remi," Lekoko alidakia. "Tusikuchoshe. Ni chuma chakavu tu. Andika hivyo, twende zetu."

Remigius hakupenda kuharakishwa. Mtu asafiri mbali namna ile kwa ajili ya chuma chakavu? Aliuelekeza mtutu kwenye ukuta wa zizi, akaushusha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatuo, ule wa kukokia bunduki za namna hiyo. Uligoma kidogo, kisha ukatii. Hapakuwa na risasi. Rangi ya chuma ilikuwa imefutika pale kiganja kinaposhika mtu anapotembea nayo. Kitako kilipasuka zamani, kikafungwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe ambayo ilikaukia juu yake na kukibana kuliko msumari. Hayo hayakumsumbua. Uchakavu wa kweli una mahali pake. Ule wa kughushi huenea kote sawasawa. Bunduki hiyo ilikuwa ya kale kweli, na wapo ambao wangeithamini kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha akanusa mdomo wa mtutu. Ulinuka moshi.

Akasukuma kitambaa ndani kidogo kwa ufito. Kikatoka cheusi.

"Umeinusa, mzee?" Lekoko aliuliza polepole, kama mtu aliyekuwa akimsubiri afike hapo. "Mimi nilinyamaza kwa heshima. Kaka yangu amezikwa tangu masika, na marehemu hawindi. Mwulize Metui nyama anapata wapi."

"Ulimwona akipiga?"

"Sikumwona. Nimenusa tu, kama wewe."

Naisenya alikuwa ameketi kando, akitazama mikono yake. Remigius alijua ambacho kingefuata. Akiandika kwamba bunduki imepigwa baada ya kifo, Metui angepata pingu badala ya urithi, na bunduki ingetafutiwa mrithi mwingine, ambaye bila shaka alikuwa amekwisha kuketi barazani hapo. Alimshuku Lekoko kwa maneno yake na mjane kwa ukimya wake. Kilichomkera ni kwamba pua yake mwenyewe ilikuwa upande wa Lekoko.

Germana akaleta vikombe, akamimina maziwa kutoka katika kibuyu cha mgeni. "Kunywa kwanza, baba," alisema. "Au haya nayo utayapekua?"

Remigius alikiinua kikombe, akasita, akakiweka chini. Akachukua kibuyu na kukinusa mdomoni, akanusa mtutu, akarudia kibuyu.

"Leo wazimu umemfika," Germana alinong'ona.

Ndipo alipotambua kwamba hakuwa amemwuliza mjane neno hata moja, ingawa Kimaasai chake cha Loliondo kingetosha.

"Mama Metui, bunduki hii mmeisafisha kwa kitu gani?"

Naisenya alishangaa kuulizwa. "Kwa ukuni wa oloirien wenye moto," alijibu. Huo ni mzeituni mwitu, ambao kaa lake hutumika kusafishia vibuyu vya maziwa. "Ilianza kunuka kutu, na mume wangu hakupenda chombo kinachonuka. Ninyi mnatumia nini?"

"Mafuta, mama."

"Mafuta si yanavuta panya?"

Remigius aliinamia mahali ambapo angepaswa kuanzia. Akashusha tena mkono wa chuma, akachungulia nyuma, pale risasi inapokaa. Kutu ilikuwa nyekundu, nzima, haijaguswa na chochote. Risasi moja tu ingetosha kuivuruga. Weusi wa kitambaani nao ulipukutika mkavu kama unga, wala haukuwa na ule utelezi wa baruti.

"Mzee, moshi ni moshi," Lekoko alisema.

"Basi kunywa maziwa yako, halafu uniambie ni nani aliyepiga risasi kwa kibuyu."

Lekoko hakunywa.

Remigius aliandika kwamba bunduki ni ya kale, viungo vyake vimekamilika, na haijapigwa karibuni. Akaongeza kwamba mtutu umeliwa kidogo na moto wa usafi, na kwa hiyo thamani imepungua.

"Mimi ndiye niliyeiharibu?" Naisenya aliuliza.

Angeweza kumfariji, lakini hakuwa na desturi hiyo. "Ndiyo. Kidogo."

"Metui asiambiwe," mjane akasema.

Lekoko akainuka na kunyoosha mkono kuichukua bunduki. Remigius alikuwa amekwisha kuiviringisha na kuipakata.

"Nakwenda nanyi mpaka Karatu."

"Huniamini, mzee?"

"Mimi simwamini hata muuza mbegu." Akavaa koti, akasimama kati ya wageni wake wawili. Walipofika langoni, aligeuka akamwambia Naisenya arudi kukichukua kibuyu chake, kwa sababu afande wa kituoni naye ana pua.