Ukuta Mmoja, Huku Baridi, Kule Joto

Mkurugenzi alikuwa amejifunika blanketi mezani kwake, meno yanagongana.

Upande wa pili wa ukuta, mwanasheria wake kavua tai, kavua shati, kabaki na fulana. Jasho linadondokea makaratasi.

Jengo moja. Ghorofa moja. Mashine ile ile ya hewa. Na ukuta wenyewe ni mwembamba, ukipiga chafya huku, wa kule anakupa pole.

Watu wakaanza kunong'ona kuwa kuna mkono wa mtu.

Mkono haukuwepo. Kulikuwa na mdomo uliofungwa, nao ni huu wangu.

Hii sijamsimulia hata dada yangu, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wakati huo ana miezi tisa. Jioni nilisoma ufundi wa viyoyozi, mchana nikafanya mazoezi ya kazi kwenye jengo hilo la maofisi. Nilibakiza kitu kimoja tu kupata cheti: sahihi ya msimamizi wa mafundi kwenye fomu yangu.

Msimamizi tulimwita Kamanda. Fundi hodari, hilo simnyimi. Ila ulimi wake ulikuwa msumeno.

Siku moja niko juu ya ngazi, nimechelewa kukamua, maziwa yakapenya hadi kwenye ovaroli. Kamanda akaona. Akawaita mafundi wote sita waje watazame, akawaambia ng'ombe kapanda darini.

Walicheka hadi wakashikana mabega. Tangu siku hiyo jina langu likawa Maziwa.

Nikameza. Muda wangu ulipokaribia kuisha nikampelekea fomu. Akaitazama, akanirudishia bila hata kutoa kalamu mfukoni.

"Kanyonyeshe kwanza, mama. Dari halikimbii."

Nikaitikia, sawa Kamanda. Nikaenda chooni, nikalia, nikanawa uso. Nikajiambia: huyu atanitambua.

Wiki hiyo tulikuwa tumemaliza kufunga maboksi mapya ya hewa. Kwa asiyejua, juu ya dari la kila ofisi kuna boksi la bati, na ndani yake kuna kibao kinachofunguka na kujifunga. Ukutani kuna kidude cha kupima joto. Chumba kikipoa sana, kidude kinaliambia boksi libane hewa ya baridi. Chumba kikipata joto, liiachie.

Nyaya za ofisi hizo mbili aliziunganisha Kamanda mwenyewe. Alisema vyumba vya wakubwa havichezewi na wanafunzi.

Siku ya tatu nikatumwa kufuta vumbi, kichwa changu kikawa ndani ya dari la mwanasheria. Yeye yuko chini anabonyeza kidude chake apate baridi.

Boksi lake kimya. La jirani ndilo likanguruma na kufunguka.

Nikaganda na kitambaa mkononi. Kamanda kapishanisha nyaya. Mwanasheria akizidi kuona joto, baridi inamwagwa kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akitetemeka, kidude chake kinabana hewa ya mwanasheria. Watu wawili wanaumizana kutwa nzima, na hakuna anayejua.

Kurekebisha ni dakika kumi na bisibisi moja.

Nikashuka. Nikakunja ngazi. Nikanyamaza.

Jamani, zile wiki tatu zilikuwa tamu.

Kamanda akabadilisha mota. Wapi. Akasafisha bomba lote la hewa. Wapi. Akailaumu mashine kubwa ya juu ya paa, akalaumu dirisha la mwanasheria, akafika hadi kulaumu mapazia. Akitoka kwenye joto anaingia kwenye baridi, mafua hayamwachi. Mafundi wale wale wakaanza kumcheka kisogoni.

Kazi yangu ilikuwa kumshikia ngazi. Niliishika vizuri sana. Kila akishuka namuuliza, kwa adabu zote, "Vipi Kamanda, imekubali?"

Mwishowe mkurugenzi akatuita sote ofisini kwake. Akaongea katikati ya kikohozi, kwamba leo ndiyo mwisho, kesho analeta mafundi wengine.

Nikanyoosha mkono.

Nikapanda mbele yao wote, nikafungua, nikazirudisha nyaya mahali pake. Haukupita muda mrefu, mkurugenzi akavua blanketi. Upande wa pili mwanasheria akashukuru kwa sauti, akigonga ukuta.

Kamanda alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitamani ile dakika niitie kwenye chupa, nifunge na kizibo.

Ndipo mkurugenzi akaniuliza, "Umeligundua leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilitaka Kamanda ajue nani alikuwa anamchezesha.

"Hapana, bosi. Nalijua wiki ya tatu sasa."

Mkurugenzi akalikunja blanketi polepole, pembe kwa pembe.

"Yeye alikuwa hajui," akasema. "Wewe ulikuwa unajua."

Ndugu zangu, huyu mama mkurugenzi ndiye aliyesikia habari ya ng'ombe darini, akanipa ufunguo wa chumba chake cha mafaili nikamulie humo kwa faragha. Wiki tatu nimepita mbele yake mara mbili kwa siku, chupa ya maziwa ya mwanangu mkononi, nikampa pole ya baridi. Naye akaniitikia kwa kikohozi.

Akaniambia kesho nisije.

Nikakusanya vitu vyangu. Nafika getini, namsikia Kamanda nyuma yangu. Nikajua kaja kunimalizia.

Akaomba fomu. Akaiweka juu ya boneti ya gari la watu, akatia sahihi.

"Hapa wanauliza kama unaijua kazi," akasema. "Unaijua. Kuhusu roho hawajauliza. Bahati yetu sote wawili."

Akaondoka bila kuaga.

Cheti nilipata. Leo nina kazi kwenye jengo jingine, na mwanangu anatembea.

Sitawadanganya kwamba najutia yote. Kumshikia Kamanda ngazi nimejisamehe. Kile kikohozi bado.

Ukitaka kulipiza kisasi, angalia kwanza nani anayepigwa na baridi.