Mkia wa Jogoo wa Zipora

Jogoo wa Zipora alirudi nyumbani akiwa mzima wa afya, ila hana mkia.

Hakuwa na jeraha lolote. Alikuwa amenyonyolewa tu, unyoya baada ya unyoya, kama mtu aliyevuliwa kofia.

Zipora ndiye aliyemzaa babu yangu, na habari hii niliipata kwa babu. Nimeipima miaka mingi kabla ya kuiandika hapa.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ndiyo kwanza imefika Dodoma, na mvua ilikuwa imegoma. Mumewe Zipora alichukuliwa kazi ya reli huko mbele. Ghalani ulibaki mtama wa siku tisa, na watoto ni watatu.

Wiki hiyohiyo ikasikika habari. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Ujerumani amepiga hema karibu na Hombolo. Anakusanya ndege, anataka kujua kwa nini ndege wa jamii moja wanatofautiana, huku kifua cheusi, ng'ambo ya kilima kifua cha kijivu. Anatafuta mtu wa kumpangia ndege hao kwa jamii zao. Ujira ni kapu la mtama kila wiki.

Wanaume wanne walikwenda, wote wakarudi wameshindwa.

Zipora akajifunga kaniki, akaenda. Misimu kumi na miwili alikuwa amekaa juu ya dungu na kombeo mkononi, akifukuza ndege shambani. Alijiambia, kama kuna kitu nakijua duniani, ni hao wezi.

Hemani alimkuta Halfani, fundi wa kuchuna ndege na kuwajaza pamba. Mtu wa mjini, kanzu safi, vidole vimejaa makovu ya kisu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Umetoka wapi?"

Akamwambia nyumba ya tatu baada ya kisima. Halfani akauliza kama ni ile yenye jogoo mweusi. Zipora akasema ndiyo, ila sasa ni nusu jogoo.

Halfani hakucheka. Aliingia ndani, akakawia, akatoka na ungo wenye ndege thelathini wakavu.

Profesa akaketi kwenye kiti chake. Kazi ilikuwa moja: kila ndege awekwe na wenzake. Ukikosea mmoja, kwaheri.

Zipora hakuharakisha. Alishika mmoja mmoja, akatazama mdomo, mguu, chini ya bawa. Mafungu yakaota mkekani. Dume lenye rangi akaliweka na jike lake la kijivu, jambo lililowashinda wale wanne. Profesa akainama mbele.

Akabaki ndege wa mwisho.

Kwale. Lakini kwale mwenye mkia mrefu wa kupinda, mweusi wa kung'aa, na unyoya mmoja mweupe uliovunjika ncha.

Profesa akatabasamu kama baba aliyepata mtoto. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba kwale wa namna hii hajaonwa popote. Ameshampa jina la mama yake. Barua ya kumtangaza iko mezani, kesho inapanda treni.

Zipora aliutazama ule unyoya mweupe. Ulivunjikia kwenye mlango wake mwenyewe, siku jogoo wake alipobanwa.

Akimweka kwale na wenzake, Profesa atahesabu kwamba Zipora amekosea. Akimweka peke yake, kazi anapata, na uongo unapanda treni. Akisema kila kitu, Halfani amekwisha.

Akamweka katikati ya mkeka, mbali na mafungu yote.

"Huyu amenishinda, bwana," akasema polepole. "Mwili wake naufukuza shambani. Mkia wake naufuga nyumbani."

Profesa akamchukua yule ndege, akavuta mkia kidogo. Uzi ukatokeza.

Akamgeukia Halfani. Halfani akasema yote, macho chini. Mbwa aliung'oa mkia wa kwale. Yeye akamkamata jogoo mweusi karibu na kisima, akamnyonyoa, akashona mkia wake, akikusudia kuupunguza uwe mfupi. Kabla hajashika mkasi Profesa akaingia, akamkumbatia kwa furaha. Baada ya hapo angesemaje?

Mabega ya Profesa yakaanza kutikisika, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Barua akaichana mwenyewe.

Halfani alibaki na kisu chake na kazi yake. Zipora akaondoka na kapu la kwanza kichwani.

Halfani akamsindikiza mpaka kisimani.

"Yule kwale alikuwa kwenye sanduku, amefungiwa," akamwambia. "Hakuwa wa mtihani. Nilimtia mimi kwenye ungo, uliponiambia jogoo ni wako."

"Kwa nini, fundi?"

"Siku tatu natafuta mdomo wa kusema, mama. Nikauona wako unakuja."

Mkia wa jogoo uliota tena, na unyoya mweupe ukarudi mahali pake.

Nami nimebaki na hili. Ukiingia kazi mpya, sema unachokijua, na pale unaposhindwa sema umeshindwa. Huenda mwenyeji wako amekaa siku tatu akingoja mtu aseme hivyo.