Mtu Aliyeachwa Mtoni

Bibi yangu, mama yake mama, ana ngano moja ndefu ambayo hapa kijijini kwetu Munje hakuna mtu mwingine anayeijua tena. Ni ya kijana aliyetoka pwani akaenda upande wa Kinango kumtafuta dada yake, aliyeolewa mbali na habari zake zikakatika. Huchukua siku tano au sita kuisimulia, kwa sababu kila anayekutana naye njiani ana kisa chake. Mwaka juzi koo lilianza kumkwaruza bibi. Daktari kule Msambweni alisema kuna uvimbe, itabidi apasuliwe, na hakuahidi kwamba sauti itabaki. Bibi hakuuliza kama atakufa. Aliuliza ngano yake itawekwa wapi.

Ndiyo sababu alipokuja mtafiti kutoka Nairobi tulimkaribisha. Alikuwa amesomea tenzi ndefu za Wagiriki wa kale katika chuo kikuu, na hakuweza kukaa muda mfupi bila kukujulisha. Alituambia kwamba watu hao, kabla hawajawa na maandishi, walikuwa na waimbaji walioweza kuimba habari za vita na safari za baharini siku nyingi, yote kutoka kichwani. Bibi alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelezwa kwamba ndani ya nazi mna maji.

"Na nyinyi hapa mna kitu kidogo cha namna hiyo," mtafiti akasema.

"Kidogo tu, baba," bibi akamjibu.

Ngano kwetu hazitolewi mchana, lakini sauti ya bibi siku hizi huwa nzima asubuhi tu, kwa hiyo aliamua kwamba Mungu anajua udhuru wake. Tukakaa barazani. Mtafiti aliweka mashine yake ya kunasia sauti juu ya kinu kilichopinduliwa, akavaa vile vidude vya masikioni, akainua kidole kama mtu anayeanzisha mbio.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu ngano husimuliwa na watu wawili. Mmoja anasema, mwingine anaitikia. Msimulizi akimaliza jambo, mwitikiaji anasema "naam", na hapo ndipo safari inaendelea. Asipoitikiwa, haendi mbele. Hulirudia jambo lile lile, maana huenda hukulisikia, au hukuliamini. Kazi ya kumwitikia bibi ni yangu tangu nina miaka saba. Mimi ni mtu wa haya, na mbele za wageni maneno hunikaukia kinywani, lakini naam yangu haijawahi kuchelewa.

Basi bibi akaanza, nami nikaitikia. Kijana aliaga kwao, naam. Alipita minazi ya mwisho, naam. Alifika mtoni akaukuta umejaa. Hapo mtafiti akavua vidude vyake.

"Kijana, unaniharibia," akaniambia. "Sauti yako inaingia juu ya sauti ya mama. Nataka mama peke yake, safi kabisa. Tuko sawa?"

Nilipaswa kumweleza. Sentensi moja ingetosha. Nikaangalia miguu yangu, nikasema tuko sawa, nikanyamaza. Tangu siku hiyo, nikianza kumdharau mtafiti, huanza na mimi mwenyewe, halafu narudi kwake nikiwa na nguvu zaidi.

Bibi akasema: "Mto ulikuwa umejaa, akasimama ukingoni." Akangoja. Alidhani kwamba mgeni, kwa kuwa ameninyamazisha mimi, ataitikia mwenyewe, maana ndiye aliyeiomba ngano. Mgeni alikuwa anatazama taa ndogo ya mashine yake. Bibi akarudia kwa sauti kubwa kidogo. Kimya. Akarudia polepole, kama anavyosemeshwa mtoto. Kimya. Alirudia mara kumi na moja, kila mara akiongeza neno moja la kumsaidia, mara maji mekundu, mara magogo yanapita, na yule mtu alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha na kuandika kwa haraka. Mwishowe bibi akasema, "Basi, nimechoka."

"Mwisho mzuri sana," mtafiti akasema, akazima mashine.

Tulidhani atarudi kuchukua iliyobaki. Alirudi baada ya miezi minne, akiwa na kitabu.

Uzinduzi ulikuwa katika ukumbi wa hoteli moja Diani. Bibi alivaa leso mpya. Walimu walikuwepo, na wazungu kadhaa wanaoishi huko ufukweni, na juisi ya ukwaju ndani ya vikombe vya karatasi. Mtafiti alizungumza muda mrefu. Alisema waimbaji wa Wagiriki walikuwa na mistari inayojirudia, ili kinywa kikiimba mstari wa zamani, akili ipate nafasi ya kutafuta mpya. Alisema amekuta ufundi huo huo Kwale, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa msimulizi wetu hurudia mto mara kumi na moja na hamvushi kijana wake kabisa. Akasema mto ule ni kumbukumbu. Akasema ukingo ni kifo. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mmoja aliandika kwenye mkono wake, kwa kuwa hakuwa na karatasi.

Bibi akaniinamia. "Mume wangu, mbona mtu wangu hawamvushi?"

"Mwambie, bibi."

"Wewe una mdomo wa nini?"

Nikaangalia tena miguu yangu. Akasimama mwenyewe, na sauti yake ilikuwa imebaki kama ya karatasi. "Baba, nakushukuru. Lakini wewe hukuitikia."

Mtafiti akatabasamu, akawageukia watu. "Mmesikia? Anatukumbusha kwamba mwimbaji hawezi kitu bila kuitikiwa kutoka juu. Wagiriki nao walimwomba mungu wao wa kike wa ushairi."

"Astaghfirullahi," bibi akasema, akakaa.

Hata hilo walilipigia makofi.

Sina ugomvi na hao Wagiriki. Nadhani walikuwa watu wenye akili, na nadhani pia kwamba katika kila nyumba walimoimba alikuwepo mtu wa kusema naam kwa lugha yao, na aliyekuja na kalamu akamwona anachafua karatasi. Sijui. Mimi nilimaliza darasa la nane tu, kazi yangu ni kufua nazi. Lakini sasa nikisikia msomi anasifu mstari uliorudiwa, hujiuliza nani aliambiwa anyamaze.

Bibi alikuwa amebakiwa na wiki tano kabla ya kupasuliwa. Nilinunua madaftari matatu. Kila asubuhi, kabla sijaenda kwenye nazi, nilikaa miguuni pake nikaandika. Mimi huandika polepole mno. Shuleni nilikuwa wa mwisho kutoka kwenye imla. Kwa hiyo nilikuwa siitikii mpaka nimeweka nukta. Yeye akarudia, nami nikaandika, halafu naam. Kijana alivuka mto siku ya kwanza, kwa kushika mkia wa ng'ombe. Dada yake tulimpata wiki ya nne, na hakutaka kurudi. Ya mwisho bibi aliniambia kwa mnong'ono, siku mbili kabla ya hospitali.

Nilimpigia mtafiti simu, jambo ambalo kwangu si dogo. Nikamwambia kijana alivuka.

"Hiyo inavunja muundo," akasema. "Wanafunzi wangu wameshaandika juu ya ule mto."

"Hukumwitikia, ndiyo maana alirudia."

"Inawezekana," akasema, "lakini kisanaa toleo langu lina uzito zaidi."

Nikakata simu. Kitabu chake kipo madukani Ukunda, na mtu wangu amesimama humo ukingoni kama mjinga.

Bibi alipona kidonda. Sauti haikurudi. Siku hizi mimi ndiye ninayesoma, na yeye huitikia kwa kugonga kidole kwenye ubao wa kitanda. Nikikosea hagongi. Jana alinikwamisha karibu saa nzima mahali pamoja, nikasoma na kusoma tena, mpaka nilipogundua kwamba nilikuwa nimesahau kuandika kwamba ng'ombe yule alikuwa na ndama.