Mtoto Aliyekuwa Aking'ata

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ndiyo maana wazazi wa kituo chetu cha kulelea watoto, pale Kilosa mjini, waliponiambia yule binti wa miaka minne aondolewe kwa sababu anang'ata wenzake, niliwajibu vibaya. Mama yake, Mmaasai, hushinda sokoni akiuza maziwa, na hakuwa na wa kumwachia mtoto. Nikawauliza, mnataka amtie kwenye dumu? Wakanipa mpaka Ijumaa. Siku hiyo wangekuja wenyewe, na aking'ata tena, basi.

Na kweli alikuwa anang'ata, mkono wangu wa kushoto ni shahidi. Ila nilishaona kuwa asubuhi zake zilikuwa zinaharibikia getini. Mlezi mwenzangu, mwanamke wa kutoka milimani aliyekulia shule za misheni, kwake mtoto asiyeamkia hana adabu. Binti akifika tu, "Shikamoo iko wapi?" Binti anainamisha kichwa na kukisogeza mbele, na mwenzangu anaruka nyuma: "Unaona, anataka kunipiga kichwa." Mtoto anavimba. Kabla ya saa ya uji, kuna mtu ameshalia.

Jumatatu jioni babu yake ndiye aliyekuja kumchukua. Binti akamkimbilia, akainamisha kichwa vilevile. Mzee akakiwekea kiganja, akatamka neno moja la kwao, na mtoto akatulia tuli. Kumbe ile ndiyo shikamoo yake, na sisi kila siku tunaikwepa. Nilicheka hadi mwenzangu akanuna.

Kesho yake nilisimama getini mwenyewe, nikaipokea. Tena nikamwambia: ukisikia hasira inapanda, kabla ya meno, niletee kichwa. Msidhani ilikuwa dawa ya papo hapo. Siku ile aling'ata kwanza, ndipo akaniletea kichwa. Jumatano alikuja ameuma gauni lake mwenyewe. Nikaweka mkono, tukavuta pumzi wote wawili mpaka hasira ikashuka. Hata mimi ilinifaa, maana asubuhi hiyo dereva mmoja wa bodaboda alikuwa amenitibua.

Ijumaa wazazi wakaja, wakajipanga ukutani, mikono wamekunja kama mahakimu. Mimi nilikuwa natoka jikoni na sufuria ya uji wa moto. Ndipo mtoto mmoja akampokonya binti kikombe chake. Nikaona mdomo unafunguka. Akanitafuta kwa macho. Akaona niko mbali, na mikono yangu yote miwili ina kazi.

Akainua mkono wake mwenyewe, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Akasimama hivyo, kifua kinapanda na kushuka, chozi linamtiririka. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Nirudishie. Ni changu." Akarudishiwa.

Nilitua sufuria nikapiga vigelegele, sikuona haya hata kidogo. Yule mama aliyekuwa mstari wa mbele kutaka mtoto aondolewe akakohoa kidogo, akasema, "Basi mwalimu, abaki."

"Abaki?" nikamwuliza. "Kwani wewe ulidhani anakwenda wapi?"