Kuta Mbili za Nyumba ya Mbwa

Wiki iliyopita nilirudi Bulla Pesa, Isiolo, kwenye ile ploti ya vyumba vya kupanga tuliyokaa nikiwa mtoto, kwa sababu nilisikia inabomolewa na mabati yanauzwa. Nilitaka mabati ya banda la kuku, hayo tu. Nakuambia mapema usidhani nilienda kulia. Nilipofika, kibarua mmoja alikuwa amechuchumaa karibu na pale palipokuwa mfereji, bomba la maji la ploti nzima, aking'oa upande wa sanduku kubwa la mabati. Akaingiza mkono kati ya bati na ubao, akatoa fungu la manyoya yaliyojaa vumbi. Akayanusa. Akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Mama, hii ilikuwa ya kuficha nini?"

"Mbwa alilala humo," nikamwambia.

Akacheka kama mtu anayejua anadanganywa. "Mbwa gani huyo wa ukuta mbili?"

Simlaumu. Ploti nzima iliuliza hivyo hivyo zamani.

Baba yangu alikuwa tanboi wa lori la kondoo. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma na wanyama, kuwapanga wasikanyagane njiani. Siku moja lori lilitoka Timau na juu ya kondoo kulikuwa na mbwa, mkubwa kuliko mimi, manyoya yake marefu kama zulia. Alikuwa amezeeka, hawezi tena kuchunga, na mwenye shamba alitaka kumwondoa. Baba akamwomba. Tukamwita Baridi, kwa sababu alitoka kwa baridi.

Lakini Isiolo si Timau. Kufika saa tano asubuhi Baridi alikuwa amelala kwa matope ya mfereji, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka. Ndoo ya maji aliimaliza kama kikombe. Mama akasema huyu hatamaliza mwezi. Safari iliyofuata Baba alirudi na gunia mbili za sufu, ile chafu iliyobaki wakati wa kunyoa kondoo, na mbao za masanduku.

Alijenga siku tatu. Kwanza aliinua sakafu juu ya mawe ili upepo upite chini. Akapigilia mabati nje, mbao ndani, na nafasi ya kiganja katikati. Sisi watoto tukapewa kazi ya kuchambua sufu, kutoa miiba na mavi makavu, kisha tunaisukuma ndani kwa mpini wa mwiko mpaka ukuta unajaa. Mikono yetu ilinuka kondoo hata wakati wa kula. Paa nalo likawa la tabaka mbili. Mlango aliuelekeza kusiko na jua, akaning'iniza gunia tunalolilowesha maji kila adhuhuri.

"Weka mkono," Baba alisema ilipokwisha. Nje bati lilikuwa linachoma. Ndani palikuwa kama chini ya mti. Chumba chetu wenyewe hakikuwa hivyo.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Fundi wa viatu, aliyekaa mbele ya geti, alipaza sauti: "Tanboi! Ukuta moja ni ya mbwa, ya pili ni ya nani? Ama umeweka mke mwingine huko?" Watu wakacheka, lakini si wote walikuwa wanacheka. Wengine walisema ni miraa, wengine risasi. Niliona wanaume wakipita wakigonga bati kwa vidole, wakisikiliza. Ukigonga kitu kilichojaa, kinatoa sauti ya kujaa, basi wakazidi kuamini.

Mwenye ploti alikuja Ijumaa baada ya swala, kama kawaida yake. Alizunguka ile nyumba mara mbili. Kisha akamwambia Baba jambo ambalo nililala nalo wiki nzima: "Mimi sina neno na mnyama. Lakini siku nitasikia huyu mama wa maziwa amelalamika, mbwa anatoka siku hiyo hiyo."

Mama wa maziwa alikuwa jirani yetu wa ukuta. Aliletewa maziwa ya ngamia kutoka upande wa Gotu, akayauza pale pale mlangoni, kutoka kwa chombo cha kusukwa alichorithi kwa mama yake, kilichofukizwa moshi mpaka kikawa cheusi na maziwa yakawa na utamu wa moshi ambao sijaupata tena. Kabla ya Baridi kuja, alikuwa anaingia kwetu kila asubuhi na kikombe kimoja cha mdogo wangu. Baada ya Baridi, kikombe alikiacha kizingitini. Mama alituambia ni dini yake, mate ya mbwa yakimgusa ana kazi ya kujisafisha, si chuki. Mimi nikaona ni chuki. Nilikuwa na miaka tisa ama kumi, sikumbuki vizuri.

Kisha sufu ikaanza kupungua. Kwenye kona moja ya nyumba ya Baridi bati lilikuwa limeachana na ubao, tundu la ukubwa wa yai, na kila siku ukiangalia, ndani pamekuwa pazuri kwa hewa lakini pabaya kwa joto: sufu haipo. Baba akajaza. Ikaisha. Asubuhi moja nikamwona mama wa maziwa ameinama kwenye tundu lile lile, kidole ndani. Aliponiona akasimama haraka, akajifanya anatazama mfereji. Siku hiyo hiyo nikakuta nyuzi za sufu mlangoni kwake, tatu, nne, zimekwama kwa mkeka.

Ungefikiria nini? Nilifikiria kwamba anatoa sufu ili mbwa afe kwa jua bila yeye kulalamika. Sikumwambia mtu. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo. Ningemwambia Mama, angeuliza, na mambo yangeisha.

Adhuhuri hiyo mama wa maziwa alipoingia chumbani kuswali, nilitoa chombo chake kwenye msumari. Kilikuwa kizito, kimejaa maziwa ya wateja wa jioni. Nikakipeleka kwa Baridi, aliyekuwa amefungwa kwa kamba kivulini, nikafungua kifuniko, nikakiinamisha. Alilamba mara tatu, nne. Nikafunga, nikarudisha, nikakaa kwa mlango wetu kuchambua mchele.

Alipotoka, alishika chombo, akasimama. Chini kulikuwa na matone meupe, moja moja, kutoka mlangoni kwake mpaka kwa Baridi, ambaye bado alikuwa anajilamba ndevu. Aliyafuata kwa macho. Aliitazama kamba ya mbwa, iliyoishia mbali na msumari wa chombo. Kisha akanitazama mimi.

"We msichana," akasema polepole. "Mbwa hana mikono ya kufungua kifuniko."

Aliyamwaga yale maziwa yote chini ya ukuta, mbele yangu, nzi wakaja. Kisha akakaa mferejini akakiosha kile chombo mara saba, mara moja kwa mchanga, akihesabu kwa midomo. Nami nilikuwa nahesabu pamoja naye.

Ilikuwa Jumatano. Mpaka Ijumaa nilingoja mbwa atolewe. Nilimpiga Baridi brashi kama mtu anayeaga. Mwenye ploti alikuja, akasimama katikati ya uwanja, akamuuliza mama wa maziwa kwa sauti ya watu wote: "Mama, hapa kwako kuna shida yoyote?"

Alikuwa anamimina maziwa. Hakuinua kichwa. "Shida ni mfereji tu," akasema. "Maji haina nguvu."

Jumamosi Baba alipanda juu ya paa la vyumba vyetu kuzuia bati lililokuwa linapiga kelele. Akaanza kucheka huko juu. Juu kabisa ya mlango wa mama wa maziwa kulikuwa na viota vya shomoro, vimejazwa sufu ya Timau. Kila mtu aliitwa kuona. Yeye alitoka pia, akaangalia, akasema, "Kumbe ndiyo ilikuwa ndani, sufu tu. Wallahi mimi niliogopa ni risasi."

Sikuomba msamaha. Nataka kuwa mkweli pia upande wa pili: huenda hakunyamaza kwa ajili yangu. Wateja wake wangesikia mbwa amekula kwenye chombo, nani angenunua tena? Nimeligeuza hilo miaka mingi na sijui. Baridi aliishi nasi misimu mitatu ya mvua. Baadaye mama wa maziwa alihama kwenda Wabera, sisi tukahama, na siku hizi maziwa yanakuja kwa jerikeni na yananuka jerikeni.

Lakini kuna kitu. Wiki hiyo ya shomoro, lile tundu la kona lilikutwa limezibwa kwa kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Baba alisema si yeye. Mama alisema si yeye. Fundi wa viatu angejisifu.

Kibarua alipofika kona hiyo nilimwambia aniachie kifuniko. Akaking'oa, akakigeuza kuona kama kuna kitu nyuma, akanipa. Misumari ilikuwa minne, yote imepinda upande mmoja, imepigwa kwa jiwe na mtu asiyezoea, aliyekaa mbali na mlango wa mbwa kadiri mkono ulivyoweza kufika. Namshuku mama wa maziwa. Sina ushahidi.