Kipashto Juu, Kipolandi Chini, Sisi Katikati

Enzi zetu, sisi watoto wa Kitanzania tuliokulia Minneapolis, hakukuwa na simu ya kumtafsiria mtu maneno. Simu ilikuwa imetundikwa ukutani jikoni, na mkalimani wa nyumba alikuwa mtoto. Wewe ndiye uliyefuatana na Mama kwa daktari wa meno, wewe ndiye uliyemweleza fundi kwamba sinki limeziba, na ukikosea unafinywa palepale. Wenzangu mnajua. Watoto wetu wa leo ukiwaomba wakusomee ujumbe wa shuleni tu, wanashusha pumzi kana kwamba umewatuma kuchota maji mtoni.

Jengo letu lilikuwa la matofali mekundu, upande wa kaskazini-mashariki mwa mji, na ngazi zake zilinuka vitunguu vya nchi tatu. Sisi tulikaa ghorofa ya kati. Baba alikuwa anasoma chuo kikuu, Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Chini yetu alikaa Kasia na bibi yake, Wapolandi. Juu yetu alikaa Palwasha na wazazi wake na bibi yake, Waafghani wanaosema Kipashto. Kasia alimwita bibi yake Babcia, hutamkwa Babcha. Palwasha alimwita wake Anaa. Mama, mtu wa Tanga, hakutaka habari hizo. Kwake walikuwa Bibi wa Chini na Bibi wa Juu, na ole wangu nimpite mmoja wao bila shikamoo. Wao waliipokea kwa tabasamu bila kujua ni kitu gani.

Baridi ilipoingia, na baridi ya kule haina masihara, tulicheza mdako kwenye ngazi, mbele ya mlango wetu. Tukichoka mdako tulishindanisha lugha. Tulisema Kipolandi ni cha mtu anayebembeleza mtoto mchanga alale, sh, ch, sh. Kipashto ni cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kiswahili changu nacho walisema kinadundadunda kama mpira. Mimi na Palwasha tuligundua kwamba tumeibiana maneno: chai ni chai, kitabu ni kitab, dunia ni dunya. Kasia alikaa pembeni amenuna, kwa sababu kwao chai inaitwa herbata. Mpaka siku aliposema kwao shule ni shkowa. Nikaruka juu kwa furaha, maana hilo lilikuwa la kwetu sisi wawili, na sasa ikawa zamu ya Palwasha kununa.

Lakini tofauti kubwa ilikuwa kwenye salamu. Anaa akikuona tu anaanza: sanga ye, jor ye, kha ye, u mzima, u salama, nyumbani kheri, watoto hawajambo, hujachoka, maneno yakifuatana kama shanga, na wewe unatakiwa uanze ya kwako wakati huohuo. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Mnaulizana kwa pamoja huku mnapishana, basi, mmesalimiana. Babcia hakuwa hivyo. Asubuhi alikutakia siku njema, ikatosha. Ila ukimuuliza hali, umeyataka mwenyewe. Atakujibu, tena ukweli mtupu: nyonga, presha, na binti yake asiyepiga simu. Sisi Waswahili tuko katikati. Tunaulizana moja moja, na jibu ni nzuri, hata kama mtu yuko juu ya machela. Habari za leo? Nzuri, ila mguu tu umevunjika.

Siku moja Babcia alitaka kujua Anaa humwambia nini kila wakikutana ngazini. Palwasha akamtafsiria Kasia kwa Kiingereza, Kasia akamtafsiria bibi yake, neno kwa neno, kama tulivyozoea. Babcia akajishika kifua. Miaka yote aliyokaa Amerika hakuna aliyewahi kumuuliza afya yake, nyumba yake na uchovu wake kwa mkupuo mmoja! Kesho yake akajifunga skafu yake ya maua, akasimama ngazini kumsubiri.

Anaa akateremka na kapu la nguo za kufua. Sanga ye, jor ye, kha ye. Babcia akaanza na nyonga, tangu siku ile alipoteleza kwenye barafu. Anaa hakusimama. Aliendelea kuuliza huku anashuka, mpaka sauti yake ikamezwa na mashine za kufulia kule chini. Babcia akabaki ameshika nyonga yake, mdomo wazi.

Mambo yakawa hivyohivyo siku zilizofuata, na hatimaye Babcia akachoka. "Wananiuliza kama naumwa, halafu wananipa mgongo," alimwambia Kasia. "Hutapanda tena kwa watu hao." Anaa naye huko juu alikuwa na malalamiko yake: yeye anamtakia mtu kheri, mtu anamvuta mkono wa nguo na kumkazia macho kama mdai.

Kasia akafungiwa ndani. Kijiwe chetu kikafa. Kwa mtoto wa umri ule, nje theluji hadi magotini, rafiki mmoja juu na mmoja chini hawaruhusiwi kuonana, hiyo ndiyo dunia kwisha. Kasia alikuwa akigonga bomba la joto kwa kijiko, nami namgongea, Palwasha anagonga kutoka juu. Niliumia sana. Niliamini kabisa hatutacheza tena sote watatu.

Mama alinikuta nalia pembeni ya karai la maandazi. Nikamweleza. Akacheka hadi akaweka mwiko chini.

"We Zuhura, hakuna aliyekosa adabu hapo. Salamu ya kusimama ni hodi tu, mwanangu. Habari zenyewe mtu huulizwa akishakaa. Kawaite wote wawili. Waambie chai iko mezani, na mwenye nyumba hataki sababu."

Wakaja, kila mmoja na mjukuu wake. Anaa alipoketi alirudia shanga zake zote, Babcia akabana midomo. Mama akamimina chai, akasogeza maandazi, akaniambia, "Muulize Bibi wa Chini, nyonga inaendeleaje?" Nikamwambia Kasia, Kasia akamwambia bibi yake. Babcia akamtazama Anaa. Anaa alikuwa amevua viatu, amekunja miguu kwenye kochi letu, haendi popote. Basi Babcia akaanza. Kipolandi kikageuka Kiingereza, Kiingereza kikageuka Kipashto, nyonga, presha, binti asiyepiga simu. Anaa akawa anatikisa kichwa, ah, ah, na habari zilipofika kwenye binti, akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akapandisha nguo akaonyesha magoti yake yaliyovimba. Babcia akayashika kwa mikono miwili. Tukataka kutafsiri zaidi, Mama akatufukuza: "Hawawahitaji tena. Nendeni mkacheze."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tumekaa na mdako wetu walipokutana hapo chini yetu, mbele ya mlango wa Babcia. Babcia, aliyekwisha kujifunza, akammwagia Anaa salamu zote za Kipashto bila kituo, akampita, akashuka kuchukua barua. Anaa, naye aliyekwisha kujifunza, alikuwa ameshaweka kapu chini, ameegemea ukuta, anaanza kuyaeleza magoti yake kwa ngazi tupu. Tulicheka tukabiringika. Babcia akasikia, akageuka, akapanda tena polepole na nyonga yake ili asikilize.

Bibi wote wawili wametangulia mbele ya haki. Kasia yuko Inver Grove Heights, Palwasha ni muuguzi mjini, nami nina nyumba yangu Eden Prairie. Mwanangu akimpigia bibi yake, Mama aliyerudi Tanga, humpungia mkono kwenye kioo, "Hi Bibi, love you, bye," na salamu imekwisha. Ana programu ya kutafsiri lugha zote za dunia na hana bibi wa mtu yeyote wa kumtafsiria. Mtaani kwetu hakuna ngazi. Kila mtu ana gari, na mlango wa gereji hujifungua wenyewe. Jirani yangu ni mtu mwema, hunipungia mkono kila asubuhi kabla mlango wake haujajifunga, na miaka yote hii sijui hata kama magoti yanamuuma.