Paa Alilolilipia Vasanti

Tiketi ya basi haitupwi. Vasanti anaikunja mara mbili, anaitia kwenye mfuko wa sweta pamoja na ya jana na ya juzi. Ndipo anapofunga aproni na kulivuta gunia la viazi.

Ni saa moja asubuhi, Edmonton, kaskazini mwa London. Jiko la shule hii ya msingi bado lina baridi. Saa sita watoto mia mbili na kumi watakula hapa. Vasanti, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anamenya bila kukitazama kisu.

"Usinicheke," anasema, akiona mwandishi wa habari anaziangalia tiketi. "Ukishaulizwa pesa zako umezipeleka wapi, hutupi karatasi tena."

Kiswahili chake ni cha Mwanza, alikozaliwa. Aliolewa Mbale, Uganda, na mumewe akafariki huko mwaka 1970. Miaka miwili baadaye Wahindi walipofukuzwa, alishuka ndege Uingereza na sanduku moja na binti wa miaka sita, Jaya. Koti lake la kwanza hapa alipewa. Sufuria alipewa. Viatu vya Jaya navyo vya kupewa.

"Nilisema asante mpaka shingo ikauma," anasema.

Kwa miaka minane alipanga balbu kwenye maboksi kiwandani. Akanunua kwa mkopo nyumba ndogo, moja katika safu ya nyumba zilizoshikana ukuta. Paa lake lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza.

Machi 1981 kiwanda kilifungwa. Vasanti alilipwa kiinua mgongo cha pauni 3,200. Msimu wa mvua za vuli ulipoanza, Jaya aliamka godoro limelowa.

Fundi alikuwa mtaa wa pili. Gurdial, seremala na mwezekaji, alihamia London kutoka Nakuru mwaka 1968. Yeye ni Mpunjabi, Vasanti ni Mgujarati, na kila mmoja akisema lugha ya kwao hawasikilizani vizuri. Kwa hiyo hapa London hugombana kwa Kiswahili.

Na waligombana kweli. Vigae, mbao na misumari viligharimu pauni 800, na risiti zilikuwepo. Malipo ya kazi Gurdial hakutaka hata kuyasikia.

"Nimtoze mjane? Wewe dada, unataka nichekwe gurdwara?" alisema, yaani kwenye hekalu la Masingasinga wenzake.

"Bhaji, mimi si ombaomba," Vasanti alimjibu, akimwita kaka kwa Kipunjabi ili asimuudhi.

"Nani amesema ombaomba? Nimesema dada."

"Basi dada analipa."

Alimtilia pauni elfu moja kwenye sanduku la vifaa. Zikarudi, zimesukumwa chini ya mlango. Akazitia tena, zikarudi tena. Mara ya tatu alisimama chini ya ngazi, nusu ya paa iko wazi na mawingu yametanda, akamwambia achukue pesa au ashuke, ataitwa fundi mwingine.

Gurdial akachukua, kwa sharti moja: mtu asijue. Vasanti akaapa.

Machi 1982 malipo yake ya bima ya kukosa kazi yalifika mwisho. Akaomba msaada wa serikali, ule ambao watu hapa huuita soshali. Wanaotoa msaada huo huangalia kwanza akiba ya mwombaji, na mwenye zaidi ya pauni elfu mbili hapati kitu. Vasanti alikuwa amebakiwa na 1,400.

Fomu iliuliza kiinua mgongo kimekwenda wapi. Akaandika ukweli: vifaa 800, fundi 1,000.

"Niliapa nisimwambie mtu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Fomu si mtu."

Kutumia kiinua mgongo kwa jambo la lazima, kama paa linalovuja, hakumnyimi mtu msaada. Kinachomnyima ni kuzigawa pesa ili aonekane hana. Akishikwa, huhesabiwa kana kwamba pesa zile bado anazo.

Kwa hiyo afisa mmoja alikwenda kumuuliza fundi. Alimkuta sebuleni na wageni wanne wa gurdwara, chai iko mezani.

"Pesa?" Gurdial alisema, mkono kifuani. "Yule ni dada yangu. Sikuchukua hata senti."

Wageni wakamsifu. Afisa akaandika.

Barua iliyofika kwa Vasanti ilikuwa fupi. Pauni elfu moja hazikujulikana zilikokwenda, kwa hiyo zimehesabiwa kuwa ni zake bado. Jumla 2,400. Hakuna msaada.

Jaya ndiye aliyeisoma. Alikuwa na miaka kumi na sita, anajiandaa kwa mitihani. Duka moja la vitambaa Kingsbury Road lilikuwa linatafuta msichana wa kuuza.

"Mama hakuniambia niache shule," anasema Jaya, ambaye huulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. "Lakini alianza kunipakulia mimi peke yangu, yeye anasema ameshakula. Duka lile nilikwenda kuliona mara mbili."

Vasanti alikata rufaa, ila kwa Gurdial hakukanyaga.

"Nikamwambie nini? Njoo ujiaibishe? Nilikuwa nimeapa."

Aliyekwenda ni Jaya. Alisimama mlangoni na ile barua mkononi. "Anko, wanasema mama ni mwongo," alisema, akaiacha barua na kuondoka.

Julai, watu watatu wa baraza la rufaa walikaa nyuma ya meza ndefu. Walimuuliza Vasanti ana ushahidi gani kwamba fundi alilipwa. Akatoa risiti za vifaa. Wakaitaka ya fundi. Hakuwa nayo.

Mlango ukafunguliwa. Gurdial aliingia na kilemba kipya cha buluu, na nyuma yake Jaswant, mmoja wa wale wageni wanne.

"Nilidanganya," Gurdial alisema kabla ya kukaribishwa kiti. "Nilichukua elfu moja kwa mjane." Akaweka mezani kitabu chake cha akiba cha posta: Oktoba, pauni elfu moja zimeingia. "Na huyu nimemleta mwenyewe asikie, kwa sababu mbele yake nilijisifu."

Jaswant alimgeukia. "Paa zima lile kwa elfu moja?" akamuuliza kwa Kiswahili. "Wewe hata kuiba hujui."

Mwenyekiti aliomba atafsiriwe. Hakuna aliyetafsiri.

Siku tisa baadaye barua nyingine ilifika. Msaada umekubaliwa, pamoja na wa miezi yote iliyopita. Vasanti alikaa kwenye ngazi za ndani akalia, kisha akaenda jikoni akala chapati tatu kwa mkupuo mmoja. Septemba Jaya alirudi shuleni. Sasa anasema anataka kuwa mfamasia.

Kazi hii ya jikoni Vasanti aliipata Januari mwaka huu wa 1983, saa nne kwa siku, pauni 36 kwa wiki. Anatumaini kuongezewa saa, ili soshali aagane nayo mwenyewe kabla haijamuaga.

Viazi vimekwisha. Anakiosha kisu, anakifuta, na anaulizwa kama kuna jambo jingine.

"Lipo. Sijamwambia mtu, hata Jaya. Andika.

"Nililipa kwa sababu kitu cha bure hukikosoi. Ukipewa koti, mkono mmoja mfupi, unasema asante. Nilitaka kitu ambacho kikiwa kibaya naweza kusema ni kibaya. Halafu yule bwana akaja akajiaibisha mbele ya watu kwa ajili yangu, nami nikarudi kule kule kwenye asante. Tangu Novemba nimefunga mdomo."

Anakiweka kisu mezani.

"Bhaji Gurdial, paa linavuja. Pale kwenye bomba la moshi, juu ya kitanda changu. Njoo ulitazame. Na silipi tena. Nilishalipa."